Faili moja, vipande 2,846: je, Contig italiunganisha bila kuharibu data?

*Swali:* Habari za kazi, fundi. Nina famasi ndogo Njombe. Kompyuta ya kaunta ni ya mezani, Windows 10, RAM ya GB 8, na diski ya GB 500 ile ya kuzunguka. Nafasi iliyobaki ni GB 22. Programu ya mauzo na stoo inatumia SQL Server Express 2012, hifadhidata ya bure ya Microsoft, na faili lake la data limefika GB 3.8. Asubuhi programu inachukua kama dakika nne kufunguka, na ripoti ya mwisho wa mwezi naianzisha kisha naenda kunywa chai. Kijana mmoja aliniwekea Contig, programu ndogo ya kuunganisha vipande vya faili, akapima, ikasema faili lile limetawanyika diskini vipande 2,846. Anasema tuliunganishe, halafu tuiwekee ratiba ifanye hivyo kila usiku. Mimi naogopa. Umeme wa huku unakatika bila hodi, na humo ndimo yalimo madeni ya wateja wangu wote. Nimruhusu?

*Jibu:* Dada yangu, mruhusu aunganishe mara moja, kwa mpangilio nitakaokueleza. Ratiba ya kila usiku mkatalie. Na zile dakika nne usitarajie zitaisha zote, maana vipande vinaeleza sehemu tu ya uzito unaouona. Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu, ili hata ukizungumza na kijana muwe mnaangalia kitu kimoja.

Diski yako ina sahani inayozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8.3. Kichwa kikihamia sehemu nyingine, mkono hutumia takriban milisekunde 9 kufika, kisha kwa wastani husubiri nusu mzunguko, milisekunde 4 na kidogo, mpaka data inayotakiwa ipite chini yake. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila mruko. Peke yake ni muda mdogo mno. Zidisha kwa vipande 2,846, unapata sekunde 37 za kuruka tu, bila kusoma hata herufi moja.

Sasa linganisha. Faili la GB 3.8 likiwa limelala pamoja, diski inayosoma MB 120 kwa sekunde hulimaliza kwa sekunde 32 hivi. Likiwa limetawanyika kama lilivyo, ni sekunde 69. Kwa hiyo kwenye kazi inayosoma faili zima kuanzia mwanzo hadi mwisho, zaidi ya nusu ya muda wako inapotea njiani. Ripoti ya mwisho wa mwezi inakaribia kazi ya namna hiyo, kwa hiyo hapo utaona tofauti. Lakini mteja akiulizia bei ya amoksilini, SQL Server husoma kurasa chache za KB 8 kila moja na kukupa jibu. Faili liwe kipande kimoja au elfu tatu, jibu hilo halitabadilika kwa kiasi ambacho mtu wa kaunta atakiona.

Na hata ungechukua sekunde 37 zote ukazitoa kwenye dakika nne, bado zinabaki dakika tatu na zaidi. Hizo zina sababu nyingine, na mbili kati yake nina uhakika zinafaa kuangaliwa kwako. Ya kwanza, SQL Server Express 2012 hairuhusiwi kuweka kwenye RAM zaidi ya GB 1 hivi ya data, hata kama kompyuta ina GB 8. Faili lako limezidi hapo mara tatu na ushee, kwa hiyo ripoti kubwa inalazimika kurudi diskini tena na tena. Ya pili, kwenye Express mara nyingi hukutwa mpangilio uitwao AUTO_CLOSE umewashwa. Maana yake, mtu wa mwisho akitoka kwenye programu, hifadhidata inafungwa kabisa, na anayefuata akiingia inafunguliwa upya tangu mwanzo. Hilo linazimwa kwa amri ya mstari mmoja, na ningelianza hilo kabla hata ya kugusa Contig:

`sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -Q "ALTER DATABASE Famasi SET AUTO_CLOSE OFF"`

Hapo nimeweka jina Famasi kama mfano. Kijana aweke jina halisi la hifadhidata yenu.

Sasa, vipande hivyo vimetoka wapi? Hili nakuomba ulielewe vizuri kuliko mengine yote, kwa sababu usipolielewa utaunganisha leo na kukuta vipande vilevile baada ya miezi. Katika matoleo ya SQL Server ya kabla ya 2016, hifadhidata mpya ilikuwa na mpangilio wa kawaida wa kuongeza faili la data kwa hatua ya MB 1. Mauzo yakijaa, inaomba MB 1. Yakijaa tena, MB 1 nyingine. Kila ombi Windows inalijibu kwa nafasi yoyote iliyo wazi wakati huo, na kati ya ombi na ombi kuna picha zimehifadhiwa, kuna masasisho ya Windows yameingia, kuna faili za intaneti. Gawa GB 3.8 kwa vipande 2,846: wastani ni MB 1.3 kwa kipande. Alama ya kidole hiyo. Faili lako limekua MB moja moja kwa miaka, kwenye diski iliyokuwa inazidi kujaa. Toleo la 2016 na kuendelea hatua hiyo ni MB 64, lakini hifadhidata ya zamani hubaki na mpangilio wake wa zamani mpaka mtu aubadilishe.

Pengine utauliza, mbona Windows yenyewe ina kazi ya kuunganisha vipande na haikulishughulikia faili hili? Ipo kweli, na hujaribu kufanyika kompyuta ikiwa imewashwa na haina kazi, kwa kawaida usiku. Kompyuta ya dukani usiku huzimwa. Zaidi ya hapo, ukiendesha `defrag C: /A`, inakupa asilimia ya diski nzima, na faili moja la GB 3.8 ndani ya mamia ya GB linafichika kabisa kwenye asilimia hiyo. Hapo ndipo Contig ilipo na faida: inapima na kuunganisha faili moja unaloitajia, ikaacha mengine yote kama yalivyo. Kwa diski yako, hiyo ni kazi ya dakika chache badala ya usiku mzima.

Contig ni kazi ya Mark Russinovich, mmoja wa waanzilishi wa Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Ipakue kutoka kwenye ukurasa wa Sysinternals wa Microsoft tu. Kama kijana aliileta kwa flashi, ifute na uipakue upya. Programu yoyote inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi karibu na madeni ya wateja lazima ujue imetoka wapi.

Kuhusu umeme, hofu yako ina msingi, lakini sehemu hii imejengwa vizuri. Contig haichezi na diski moja kwa moja. Inaiomba Windows ihamishe vipande, kwa njia iliyowekwa ndani ya Windows tangu NT 4.0 ya mwaka 1996. Windows hunakili data kwenda mahali papya kwanza, kisha ndipo hubadilisha rekodi inayosema faili liko wapi, na badiliko hilo huandikwa pia kwenye daftari la matukio la NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili diskini. Umeme ukikatika katikati, utakuta faili ambalo baadhi ya vipande vimehama na vingine havijahama. Badala ya kipande kimoja litakuwa na vipande, tuseme, 1,400. Data yako itakuwa nzima. Hata hivyo weka UPS, hata ile ndogo ya dakika kumi, na si kwa ajili ya Contig peke yake.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni diski yenyewe. Kompyuta nzito dukani mara nyingi ina diski inayoumwa, na dalili za diski inayoumwa zinafanana mno na dalili za vipande. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja kwa malalamiko kama yako. Nikaona vipande vingi, nikaanzisha uunganishaji wa diski nzima jioni, nikaenda nyumbani. Asubuhi diski ilikuwa inagonga, tik, tik, na haikufunguka tena. Ilikuwa imeshaanza kuharibika kabla sijafika, na mimi nikaipa kazi ya kusoma na kuandika usiku kucha. Nakala ya nje ilikuwa ya miezi minne nyuma. Walirudia kuingiza kazi ya miezi minne kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya risiti. Tangu siku hiyo sigusi faili la mtu kabla ya kupima afya ya diski na kuona nakala rudufu kwa macho yangu.

Kwa hiyo anza hapo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

`wmic diskdrive get model,status`

Ikijibu Pred Fail, simamisha kila kitu, usiunganishe chochote, toa data ununue diski nyingine. Ikijibu OK, endelea, lakini usiichukulie kuwa hakikisho, maana diski nyingi hufa zikiwa bado zinasema OK. Ongeza:

`chkdsk C: /scan`

Hii hukagua mfumo wa faili huku Windows ikiendelea kufanya kazi. Isiposema kuna kosa, fanya nakala rudufu kwenda kwenye flashi au diski ya nje, kwa amri ya SQL Server yenyewe, usinakili faili la .mdf (ndilo lile faili la data) wakati programu inatumika:

`sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -Q "BACKUP DATABASE Famasi TO DISK='E:\famasi.bak' WITH CHECKSUM"`

Kisha uihakiki:

`sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -Q "RESTORE VERIFYONLY FROM DISK='E:\famasi.bak' WITH CHECKSUM"`

Angalizo moja: flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Wewe uko GB 3.8, yaani ukingoni kabisa. Iandae flashi kwa exFAT au NTFS kabla ya kuanza, na ukumbuke kwamba kuiandaa kunafuta vilivyomo. Tena usitegemee vituo vya kurejeshea vya Windows kama akiba yako. Uhamishaji wa vipande kwenye diski yenye klasta (vile vizio vidogo ambavyo Windows hugawia nafasi ya diski) za KB 4, ambazo ndizo za kawaida, unaweza kuvifanya vituo hivyo vya zamani vifutike.

Baada ya hapo, nafasi. Diski ya GB 500 Windows huihesabu kama GB 465 hivi, na wewe umebakiwa na 22, chini ya asilimia 5. Maelezo ya Microsoft kuhusu amri ya defrag yanataka angalau asilimia 15 iwe wazi ili kazi ikamilike vizuri, ambayo kwako ni kama GB 70. Contig haihitaji zote hizo kwa faili moja, lakini inahitaji sehemu moja iliyo wazi mfululizo inayotosha faili zima. Isipoipata, itapunguza vipande bila kuvimaliza. Hamisha video, picha na nakala za zamani za programu kwenye diski ya nje, safisha folda ya vilivyopakuliwa, halafu angalia nafasi iliyobaki imekaaje:

`contig -f C:`

Kama nafasi yenyewe imekatikakatika, `defrag C: /X` huikusanya pamoja. Hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo ifanye siku ambayo duka limefungwa, diski ikiwa imeshapimwa na nakala ikiwa mkononi.

Kabla ya kuunganisha, rekebisha kile chanzo. Likuze faili sasa hivi mpaka ukubwa litakaohitaji kwa mwaka mmoja au miwili ijayo, na ubadilishe hatua ya kukua, amri hii ikiwekwa ndani ya sqlcmd kama zile za juu:

`ALTER DATABASE Famasi MODIFY FILE (NAME=Famasi, SIZE=5GB, FILEGROWTH=64MB)`

Jina baada ya NAME ni jina la ndani la faili, si lazima lifanane na la hifadhidata; kijana atalipata kwenye sys.database_files. Nimesema GB 5 kwa sababu Express 2012 ina kikomo cha GB 10 kwa hifadhidata moja, na wewe umeshapita theluthi. Muulize pia aliyewauzia programu kama ameweka kitu kinachopunguza ukubwa wa faili kila mwezi. Wengine hukiweka wakidhani wanakusaidia. Faili linapunguzwa, kesho linakua tena, na kila likikua linapata vipande vipya. Kama kipo, kizimwe.

Sasa Contig. Simamisha SQL Server, unganisha, washa tena:

`net stop MSSQL$SQLEXPRESS`

`contig -v "C:\Program Files\Microsoft SQL Server\MSSQL11.SQLEXPRESS\MSSQL\DATA\Famasi.mdf"`

`net start MSSQL$SQLEXPRESS`

Njia hiyo ya folda ndiyo ya kawaida kwa toleo la 2012, ila hakikisha kwenu data iko hapo. Alama za kunukuu usiziache, kwa sababu njia ina nafasi kati ya maneno na bila hizo Contig itadhani umeitajia mafaili mengine. Windows inaweza kuhamisha hata faili lililo wazi, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi kwa duka lenye kompyuta moja sioni sababu ya kuliunganisha huku mauzo yanaingia. Fungeni dakika kumi, mmalize. Kisha lipime kwa `contig -a` na njia ileile ya faili. Ikisema kipande 1, vizuri. Ikisema 3 au 4, pia vizuri, usipoteze jioni nzima kutafuta kipande kimoja. Lile faili la .ldf lililo kando yake, daftari la miamala la hifadhidata, lipime vilevile.

Ripoti ikibaki nzito baada ya haya yote, tatizo litakuwa ndani ya hifadhidata: faharasa zake nazo hutawanyika, na huo ni mtawanyiko mwingine ambao Contig haiuoni kabisa. Contig hupanga faili juu ya diski. Haipangi kurasa ndani ya faili. Kazi hiyo ni ya aliyewauzia programu, mwambie ajenge upya faharasa za majedwali makubwa, hasa la mauzo. Mwambie pia aangalie kama antivirasi inalikagua faili la .mdf kila linapofunguliwa. Folda ya DATA huondolewa kwenye ukaguzi wa aina hiyo, na kwa diski ya kuzunguka utauhisi unafuu asubuhi ileile.

Ratiba ya kila usiku nimeikataa kwa sababu haitakuwa na kazi ya kufanya. Faili likishakuzwa hadi GB 5, halitaongezeka hata kwa MB moja mpaka data ijae humo, na baada ya hapo litaongezeka kwa hatua za MB 64. Kusimamisha SQL Server kila usiku bila mtu wa kuangalia kama imewaka tena ni kujitafutia asubuhi ya wateja kupanga foleni huku programu haifunguki. Lipime mara moja kila baada ya miezi mitatu, inatosha.

Na ukipata fedha kidogo, nunua SSD. Hata ya GB 240 inatosha kama utahamisha video na picha kwenye ile diski ya zamani. SSD haina mkono wala sahani, kwa hiyo zile milisekunde 13 kwa kila mruko hazipo, na programu yako itabadilika kuliko amri yoyote niliyoandika hapa. Baada ya kuihamishia Windows, hakikisha imetambuliwa kwa kuandika `Get-PhysicalDisk` kwenye PowerShell na kuona neno SSD kwenye safu ya MediaType. Kuanzia hapo usiendeshe Contig tena kwenye faili hilo. Kwa SSD ni kuandika kwingi kusikoleta faida, na huduma inayoihitaji, ile ya kuiambia klasta zipi zimeachwa wazi, Windows huifanya yenyewe. Kama kompyuta yenu huzimwa mapema kila siku, iendeshe kwa mkono mara moja kwa mwezi, mchana, wakati wa chakula:

`defrag C: /L`